Bakuli la Punje

Siku ya pili baada ya kupasuliwa, Punje, mbwa wa Notburga, alikataa maji. Alikuwa amelala kwenye gunia pembeni ya jiko, shingoni amevishwa kindoo cha plastiki kilichokatwa kitako asije akalamba nyuzi. Notburga alipomsogezea bakuli, aligeuza uso. Wala hakuwa anadeka. Alilitazama bakuli, akamtazama mama yake huyo, kisha akautazama mlango, masikio yamelala nyuma, kama mtu aliyekutwa na mali isiyo yake.

"Kunywa, baba," Notburga akambembeleza. "Kidogo tu."

Punje akajikokota, kindoo kikigonga miguu ya stuli, akaenda kujificha uvunguni mwa kitanda.

Alikuwa mbwa mdogo, mweupe, miguu mifupi, asiyefaa kuwinda wala kutisha mwizi. Kijiji kilicheka sana Notburga alipoanza kumpakia kwenye kapu na kwenda naye shambani. Mbwa wa kubebwa! Na wacheke. Tangu mume wa Notburga azikwe, hakuna hata mmoja kati ya hao wenye meno nje aliyegonga mlango wake kuuliza kama amekula. Punje ndiye aliyekuwa akimsubiri.

Kwenye kibofu chake cha mkojo walikuta mawe tisa. Aliyeyatoa ni Daktari Rukia, binti wa mwenye duka pale Mbinga mjini, ambaye mama yake mzazi bado hajakubali kwamba mwanawe anajipatia riziki kwa kushika mbwa. Aliyaweka kwenye kichupa cha dawa, akakitikisa, yakalia.

"Shikamoo sasa, mama," alisema akivua glavu, maana wakati wa kuingia salamu hazikupata nafasi. "Mawe haya hayakuanza jana. Lakini kilichomfikisha hapa ni kiu na kubana mkojo. Huyu mbwa alikuwa anakunywa maji kweli?"

"Anakunywa sana, mwanangu."

"Na anatoka nje?"

"Anatoka kila anapotaka. Alikuwa na mdogo wangu Tarsisi, na Tarsisi namjua kama ninavyojijua mwenyewe."

Daktari Rukia alichukua kalamu. Alimwandikia dawa, akampa masharti. Anywe, akojoe, anywe tena. Damu kidogo kwenye mkojo kwa siku mbili tatu isimtishe. Kitakachotakiwa kumtisha ni mkojo kukatika. "Kesho kutwa jioni kama hajanywa na hajakojoa vizuri, mrudishe mbio. Akiziba tena na kidonda kile kibichi, sikufichi mama, tutampoteza."

Na sasa kesho kutwa ilikuwa imefika, jua limeshapita utosini, na maji kwenye bakuli yalikuwa palepale. Notburga alijaribu kuyatia mchuzi wa usipa, vile vidagaa vya ziwani, halafu maziwa, halafu akachovya kidole na kumpaka kwenye midomo. Punje alilamba ule mdomo haraka haraka, akitazama mlango. Kiu alikuwa nayo. Ila alikuwa anaogopa kuonekana nayo.

Akambeba kumpeleka uani akakojoe. Uani palikuwa na vichanja vitatu vya kahawa iliyoanikwa, inang'aa, karibu kukauka. Alipomweka tu chini, Punje alijibanza tumbo mpaka kwenye udongo, akatetemeka mwili mzima, na hata tone moja lisimtoke. Notburga alisimama pale mkono kiunoni. Akavitazama vichanja. Akamtazama mbwa.

Mwezi uliopita bintiye Hilda alijifungua kule Lipingo, ufukweni mwa ziwa, na mama asipokwenda kumkanda mzazi, nani aende? Alikaa ziwani majuma matatu. Punje alimwachia Tarsisi, aliyezaliwa tumbo moja naye, ambaye yeye mwenyewe alimlea mgongoni mama yao alipokuwa akilima. Alimwonyesha kila kitu: bakuli lile la bati lenye ua jekundu lijazwe asubuhi na jioni, mlango ubaki wazi. Na Tarsisi hakumwangusha, au ndivyo alivyoamini. Kila jioni saa kumi na mbili alipiga simu.

"Punje mzima, dada. Kashakunywa maji yake. Huyu hapa anakusalimia." Halafu alimwekea simu mdomoni, na Notburga, kule kwenye mchanga wa Lipingo mjukuu begani, alimsikia Punje akihema haraka haraka. Alicheka kwa furaha. Alimwambia Hilda, "Msikie mwenzio anavyofurahi."

Sasa Notburga alitoka pale uani, akaenda stoo ya kahawa. Hakwenda kutafuta ushahidi, alikwenda kwa sababu miguu ilimpeleka. Kwa ndani, sehemu ya chini ya mlango, ubao ulikuwa umekwanguliwa mpaka ukaonyesha weupe wake, kwa urefu usiozidi goti. Harufu ya mkojo haikuwepo hata kidogo; aliyefungiwa humo alikuwa ameubana. Na juu kabisa ya rundo la magunia matupu, mahali ambapo mbwa wa miguu mifupi asingefika hata angeota mbawa, lilikuwepo bakuli la bati lenye ua jekundu, ambalo tangu arudi alidhani limepotea. Lilikuwa limefunikwa kifudifudi. Notburga alilishika, na vidole vyake vikaacha alama kwenye vumbi.

Akakaa chini kwenye sakafu ya stoo. Aliumia. Aliumia kuliko siku ile alipomwona Punje akichutama na kutoa matone ya damu. Ugonjwa ni ugonjwa. Lakini kule kuhema kwenye simu! Mbwa alikuwa anamlilia maji, na yeye alikuwa anacheka.

Tarsisi alikuja alasiri kama kawaida yake, na mkungu wa ndizi za kumpelekea mgonjwa. Alipokohoa tu uani, kindoo cha Punje kilisikika kikigonga ukuta uvunguni. Notburga alitoka na bakuli mkononi. Hakumkaribisha kiti.

"Hili lilikuwa linafanya nini juu ya magunia?"

Tarsisi alilitazama bakuli. Alianza kucheka, akaona kicheko hakina pa kwenda, akakiacha. "Dada, tukae kwanza."

"Sitaki kukaa."

"Haya. Nilikuwa nalinda kahawa yako." Alitua mkungu chini taratibu. "Mwaka jana gunia lako halikurudishwa na wanunuzi? Si walisema linanuka? Si huyu huyu aliyeinua mguu kwenye kichanja? Na si wewe uliyesimama mbele ya watu ukasema akirudia utamfunga?"

"Nilisema."

"Basi nilimfungia stoo. Lakini nilipomfungulia tu, akakimbilia kichanjani moja kwa moja. Nikamchapa. Kesho yake hivyo hivyo. Nikajiuliza, mkojo unatoka wapi kama si kwenye maji? Nikampunguzia maji. Mchana simpi kabisa, jioni mafunda mawili. Na kahawa ndiyo hiyo, safi, haijaguswa." Alinyoosha mkono kuelekea vichanja, na ajabu ni kwamba usoni alikuwa na fahari kidogo, fahari ya mtu aliyekabidhi kazi. "Ningejua kuna mawe ningefanya vile? Mbwa hasemi, dada."

Hapo Notburga angeweza kumpiga na lile bakuli. Alichukia zaidi kwa sababu nusu ya maneno yale yalikuwa ya kwake. Ni kweli alifoka mwaka jana. Kahawa ndiyo iliyomzika mume wake kwa heshima, ndiyo iliyomsomesha Hilda, na hakuna mtu katika milima ile angemwona mjinga Tarsisi kwa kuitanguliza kahawa mbele ya mbwa.

"Mbwa hasemi," alisema hatimaye. "Wewe ulikuwa unasema. Kila jioni. Nilisema afungwe, sikusema anyimwe maji, na wala sikukuomba uniongopee. Ungeniambia, 'Dada, huyu mbwa amenishinda, rudi,' ningepanda gari kesho yake. Nimekudhamini mbele ya daktari, Tarsisi. Ameniuliza kama anakunywa, nikaapa kwa jina lako."

Tarsisi alikwangua udongo kwa kidole cha mguu. "Sikutaka uwe na wasiwasi na wewe uko na mzazi."

"Zoa kahawa."

"Dada?"

"Izoe yote ukaianike kwako. Ikikauka utaileta. Sitaki mbwa wangu aione."

"Kahawa bado ina unyevu, ukiihamisha sasa itaharibi..."

"Zoa!"

Akazoa. Alikwenda na kurudi mara sita na gunia kichwani, na Notburga alikaa kizingitini kumtazama bila kunyanyua hata punje moja. Safari ya mwisho alichukua na vile vichanja vyenyewe. Mkungu wa ndizi ulibaki pale alipoutua.

Ua ukawa mtupu. Notburga alimvuta Punje uvunguni, akambeba nje, akamweka katikati ya mahali vilipokuwa vichanja. Punje alinusa udongo. Alinusa tena, akazunguka, kindoo kikimyumbisha. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, naye Notburga akageukia ukuta ili asimtazame. Ndipo akasikia. Kwanza matone, halafu kimya, halafu mkojo, mwembamba, wa rangi ya chai, unaoendelea. Notburga alilia hapo hapo akiwa ameegemea ukuta.

Alilisugua bakuli la bati kwa majivu, akalijaza maji ya mtungini, akamvua Punje kile kindoo kwa muda. Safari hii mbwa hakuutazama mlango. Aliingiza mdomo wote, akanywa, akapumzika, akanywa tena, na maji yakaruka mpaka kwenye kanga ya Notburga.

Saa kumi na mbili simu iliita. Ilikuwa namba ya Tarsisi. Notburga aliiacha iite mara nne, kisha akapokea bila kusema haloo.

"Dada? Dada, nilitaka kujua tu Punje anaendeleaje."

Notburga akachuchumaa. Aliishusha simu chini, akaiweka sakafuni kando ya bakuli, karibu kabisa na ule ulimi uliokuwa ukichota maji, akaiacha pale mpaka maji yakaisha bakulini. Kisha akakata.