Mshale wa Ezekiel

Ezekiel alikosea mlango. Mwaka mzima alimpelekea baba yangu sukari, sabuni na mashati ya mitumba, tena yale ya daraja la kwanza, akidhani anajenga uchumba. Baba akapokea, akashukuru, akavaa. Kwetu Uluguru mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake. Mimi nilimwambia mapema, lakini nani anamsikiliza mwanamke anayetaka kuolewa?

Basi mradi wa misitu ulipotuita mkutanoni Iringa, nikasema afadhali. Mjomba Kasimiri alikwenda kama mwenyekiti wa kamati ya msitu ya kwetu Matombo, Ezekiel kama mpima ramani, mimi kama karani. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kampuni za ndege zinachipuka kama uyoga, na mradi ulikuwa na fedha nyingi kuliko akili. Tukapanda basi kutoka Morogoro hadi Dar, ili tupande ndege ndogo ituvushe tena juu ya kwetu.

Mjomba alikuwa na swali moja tu, na ndilo lililoniacha nikining'inia tangu Pasaka. Ezekiel ni mtu wa Njombe. Je, atakuja kuishi Matombo kwenye shamba la ukoo wetu, kama wanaume wengine waliooa kwetu, au atanibeba kunipeleka kwao kwenye baridi? Kila akiulizwa, Ezekiel alianza kuzungumzia mvua.

Uwanjani mlinzi alitoa GPS kwenye begi la Ezekiel, akaigeuzageuza.

"Redio hii?"

"Kifaa cha kuonyesha njia."

"Kwani rubani hajui njia?"

Abiria wakacheka. Mjomba akasogea pembeni, akajifanya hatujui.

Tulipokuwa angani na rubani akaruhusu vifaa viwashwe, Ezekiel aliibandika GPS dirishani ipate setilaiti, akaanza kujionyesha. Kasi yetu hii hapa, mjomba. Urefu wetu huu hapa. Mimi nilikaa nyuma yao, nikimwombea aishie hapo. Hakuishia.

"Na haka kamshale?" mjomba akauliza.

"Hako kanaonyesha nyumbani. Popote uendapo, kenyewe kanaelekea nyumbani."

Mjomba akatazama nje. Milima yetu ilikuwa imefika, migomba inaonekana kwenye miteremko, bati la paa la misheni linametameta. Akarudi kwenye kamshale. Kalielekea mbele, kushoto kidogo.

"Huko mbele ni wapi?"

"Ni... Njombe, mjomba."

"Ahaa. Chombo chako kina adabu kuliko wewe, bwana. Wewe nakuuliza tangu Pasaka. Chenyewe kimenijibu hata soda sijanywa."

Nilitamani kuvua kiatu nimchape nacho Ezekiel kisogoni. Halafu hasira ikanishuka, nikabaki na huzuni. Nilimpenda mtu yule, na nilipenda ile milima pale chini, na sikutaka kuambiwa nichague kimoja.

Ezekiel akaichukua GPS, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Nimefuta," akasema. "Nimeweka nyumbani upya."

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa tulipo, mjomba. Juu ya Matombo. Kifaa kinashika pale pale unapobonyezea."

Mjomba akakipokea kifaa, akakitazama. Ndege ilikuwa inasonga, na kamshale kakaanza kugeuka taratibu, hadi kakaelekea nyuma tulikotoka. Mabega ya mjomba yakaanza kutikisika, kisha akaangua kicheko hadi mkanda wa kiti ukambana tumbo.

"Jesca! Umesikia? Mchumba wako amejenga nyumba hewani! Maji utachota wapi?"

"Nitajua mwenyewe, mjomba," nikasema, nikipangusa machozi kwa ukingo wa kanga.

Mjomba akamrudishia Ezekiel kifaa chake. Alikuwa ameacha kucheka.

"Hewani ukoo wetu hauna shamba, mwanangu. Tukirudi, utakuja Matombo. Nitakuonyesha mahali pa kusimama, chini, kwenye udongo, halafu ubonyeze tena. Utakuja?"

"Nitakuja, mjomba."

"Sema kwa sauti. Nataka na rubani asikie."

Ezekiel akapiga kelele hadi rubani akageuka.