Ushuru wa Chungu

"Ifahamike kwa watu wote, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, kwamba kuanzia leo kila chungu kitakachovuka daraja la gogo kutoka upande wa Iringa kuingia upande wa Mbeya kitatozwa ushuru wa kata moja ya mahindi, ili kulinda heshima na ustawi wa nchi. Chungu cha togwa chenye masikio mawili hakitatozwa. Asiyetii atajibu mbele ya Baraza."

Tangazo hilo nililisoma kwenye ngazi za kanisa Jumapili ya kwanza ya Desemba, mwaka 1954, kwa sauti ile ambayo mwalimu wetu wa bweni huitumia anapotujulisha kwamba leo hakuna nyama. Baraza halikuwa na habari nalo. Nilikuwa nimelitunga mwenyewe asubuhi ileile nikichunga mbuzi wa mama, na mbuzi mmoja alikuwa amekwisha kula rasimu ya kwanza.

Wa kulaumiwa ni somo la jiografia. Shuleni kwetu Iringa, wiki ya mwisho kabla ya likizo, tulifundishwa ushuru wa forodha. Nchi moja hutoza ushuru kitambaa cha jirani yake, jirani naye hukasirika akatoza divai ya nchi ile, na hivyo hivyo mpaka wote wawili wanavaa matambara na kunywa maji. Darasa zima lilisinzia. Mimi nilibaki macho, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwetu linalosemwa kwenye ngazi za kanisa baada ya ibada halihojiwi. Pale hutangazwa mbuzi waliopotea, mazoezi ya kwaya na siku ya kulima shamba la mchungaji. Msomaji wake ni Mzee Yotamu, lakini siku hiyo jino lilikuwa linamuuma, shavu amelifunga kitambaa, akanikabidhi mimi karatasi kwa kuwa ni mtoto wa shule. Nikasoma mbuzi, nikasoma kwaya, kisha nikasoma langu. Nilisubiri watu wacheke. Wao walitikisa vichwa tu, kama watu walioongezewa mzigo juu ya mzigo, wakaenda nyumbani kula.

Mzee Yotamu alidhani nimetumwa na Jumbe. Jumbe Gideoni, aliporudi kutoka Mbeya mjini, alidhani amri imetoka bomani na kupitia kanisani bila yeye kuambiwa. Kila mmoja aliona aibu kumuuliza mwenzake. Basi Jumbe akafanya linalofanywa na wakubwa: akamweka Jailos darajani na kata ya kuchotea mkononi. Jailos alipigana Burma, na koti la vita anavaa mpaka leo, jua liwake au mvua inyeshe.

Biashara ya vyungu kwetu haina mabishano. Bei ya chungu ni mahindi yanayokijaza. Muuzaji anakiweka chini, mnunuzi anajaza, anakitikisa mahindi yashuke, anajaza tena, wanaagana. Hivyo ndivyo alivyoishi Apolonia, mfinyanzi wa ng'ambo, rafiki wa mama yangu tangu sijazaliwa. Shamba lake ni udongo wa mfinyanzi mtupu: vyungu vinatoka vizuri, mahindi hayatoki. Anachofinyanga kiangazi ndicho watoto wake wanachokula masika. Mvua zikishika, vyungu havikauki wala havichomeki, na mto unalifunika gogo. Kwa hiyo Desemba ndiyo nafasi yake ya mwisho. Haya yote niliyajua. Kuyafikiria, sikuyafikiria.

Vita vilianza kwa matumbo. Vyungu vilivyokuja baada ya tangazo vilikuwa na matumbo makubwa kuliko kawaida, ili kata ikitoka muuzaji abaki na haki yake. Wanawake wa kwetu walipoona hivyo wakaacha kutikisa. Walijaza juujuu, katikati pakabaki hewa. Ndipo Liberatus, jumbe wa ng'ambo, akatangaza kwenye kanisa lao kwamba kila mtu wa Mbeya anayesaga kwenye kinu cha maji cha upande wao ataacha bakuli la unga. Gideoni akapandisha ushuru ukawa kata mbili. Liberatus naye mabakuli mawili. Gideoni akaenda mpaka kata nne, na hapo chungu kidogo kikivuka kilibaki na mahindi ya kufunika kitako tu.

Basi watu wakachoka. Wa ng'ambo wakaacha kuleta vyungu, wa kwetu wakaacha kwenda kwenye kinu cha maji wakarudia kutwanga. Kijiji kilidunda tangu alfajiri. Watu wakawa wanalala mdundo ukiwalia kichwani na kuamkia mchi. Mama yangu, Damari, aliungua mkono wa kulia mwaka uliopita na vidole vyake havikunjiki vizuri, kwa hiyo mtwangaji wa nyumba yetu nikawa mimi, niliyekuja likizo na viganja vya msomi. Mama alikaa pembeni akipepeta kwa mkono mmoja. Hakulalamika. Mara moja tu aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ni nani huko juu aliyeona tunapumzika mno.

Kwa ajili ya mkono huohuo alikuwa amemwagiza Apolonia chungu cha togwa ya Krismasi chenye masikio mawili, ili aweze kukinyanyua kwa kupitisha kiwiko. Huo msamaha kwenye tangazo ulikuwa wa mama. Mwalimu alitwambia kwamba serikali zote huwasamehe jamaa zao, nami sikutaka serikali yangu iwe ya ajabu. Ila siku ile mama hakuwapo kanisani, alikuwa kwa dada yake aliyejifungua. Na waliokuwapo walisikia kata tu. Anayetozwa huwa hasikilizi mpaka mwisho.

Alhamisi kabla ya Krismasi mvua ilishika tangu asubuhi. Apolonia alivuka gogo polepole, chungu kichwani, maji yakigusa nyayo zake. Mama na mimi tulimngojea upande huu na kapu la mahindi.

"Kamwene, dada," mama alisema.

"Kamwene. Nimekuletea chako tu. Vingine nimevipanga chini ya upenu, mbuzi wanalala humo."

Mama alijaza chungu, akakitikisa, akajaza tena mpaka mahindi yakawa kilima. Alitikisa kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona. Jailos akasogea, akapiga saluti ndogo, akachota kata ya kwanza akaimimina kwenye gunia la Jumbe. Akachota ya pili. Apolonia alikuwa anaangalia mto, si kata.

"Chota, baba," alisema. "Sina nguvu za kugombana. Hiki ndicho cha mwisho. Watoto wakiniuliza chakula nitawaonyesha vyungu."

Jailos akazamisha kata ya tatu. Mimi ningeweza kunyamaza. Kwa karibu wiki tatu nilikuwa nimenyamaza vizuri sana.

"Hicho hakitozwi," nikasema.

"Nani kasema?"

"Tangazo. Chungu cha togwa chenye masikio mawili hakitatozwa."

Jailos alisimama akitafuta kichwani. Ni mtu wa amri, na amri akiikumbuka anaitii. Akairudisha kata ya tatu, kisha akazirudisha na zile mbili kutoka guniani, punje kwa punje. Lakini mama hakuwa anamtazama Jailos.

"Asukile," alisema. "Chungu cha masikio mawili kipo kimoja nchi nzima. Nilikiagiza jikoni kwangu, wewe unakula viazi. Baraza lilikuwa limekaa wapi?"

Nilitafuta jibu la Kiingereza, la Kiswahili, na la kwetu. 

"Lilikuwa limekaa na mbuzi, mama. Ni mimi. Lote nimelitunga mimi."

  Jailos aliishusha kata akaketi kwenye ncha ya gogo, koti limelowa, akasema tu kwamba wiki mbili na zaidi amesimama pale. Apolonia alinitazama kwa mara ya kwanza tangu avuke.

"Na unga wa Liberatus, nao ni wewe?"

"Huo si mimi, mama. Huo ni wa kulipiza."

"Basi huo ataufuta nani?"

 Somo la mwalimu lilipofika hapo kengele ililia.

"Mahindi yaliyo kwa Jumbe yavuke leo, kabla gogo halijazama," mama alisema. "Utayabeba wewe."

Akanitanguliza kwenye mvua, mkono wake mbovu umelala begani kwangu, mwepesi kama hauna kitu. Njia nzima nilijaribu kutunga maneno ya kufaa, yenye heshima na ustawi wa nchi ndani yake. Mlangoni kwa Jumbe Gideoni, ambaye alikuwa anakula ugali wa kutwanga wenye chenga, yote yakanipotea. Nikasema tena, bila sauti ya mwalimu, kwamba ni mimi.