Pango la Saruji la Tabwewa

Kamati ya Kuhifadhi Mila ilipokosa pango, iliamua kulijenga. Hilo ndilo ninaloipendea kamati yetu, haikatishwi tamaa na ukweli. Mapango yenyewe yako Banaba, kisiwa chetu. Wajapani waliwatawanya wazee wetu wakati wa vita, na Waingereza, badala ya kuwarudisha kwao, wakawaleta huku Rabi, Fiji, wapate kuchimba mawe ya mbolea bila kusumbuliwa na wenye ardhi. Kisiwa kikapakiwa melini kidogo kidogo, kikaenda kunyunyizwa mashambani Australia na New Zealand. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia yetu ilishahifadhiwa zamani, tena vizuri, matumboni mwa kondoo.

Banaba mvua ilikuwa ikikata kwa miezi mingi. Maji yalikuwa chini, ndani ya mapango tuliyoyaita bangabanga, na walioruhusiwa kuingia ni wanawake tu. Wanaume walikunywa walicholetewa. Huku Rabi mvua hainyamazi, nguo zinaota ukungu kambani, na hakuna anayetambaa chini ya ardhi kutafuta maji. Aliyebaki katika waliojua njia za ndani alikuwa mmoja, bibi yangu, Nei Teraibo. Akifa yeye, basi. Kisiwa kizima kilijua hivyo, na mimi nilikuwa nikiogopa kweli, maana mwaka ule kikohozi kilikuwa hakimwachi.

Mwenyekiti wa kamati ni Ioteba, mtoto wa mdogo wake Bibi, aliyerudi kutoka mji mkuu, Suva, na kitambi, miwani na neno "urithi". Alikuja kwetu na mkebe wa nyama kama heshima.

"Mama, tunafungua tarehe kumi na tano Desemba, siku tuliyofika huku. Tueleze tu ndani kukoje."

"Nikikueleza ndani kukoje, si nitakuwa nimekuingiza?"

"Ni kwa ajili ya vizazi vijavyo."

"Basi vije. Wewe umeshapita."

Ioteba akasafisha miwani. "Hata kidogo tu, Mama."

"Mlango nitakwambia, maana mlango hata wanaume waliuona. Uwe mdogo, mtu apige magoti. Kushoto pana jiwe, limeng'aa kwa kushikwashikwa. Na hapo kando pawe na pa kukalia mtoto."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo mkebe wako ni mdogo."

Ioteba hakuwahi kuingia pangoni, wala baba yake, wala babu yake, ndiyo maana alijenga bila wasiwasi wowote. Alikandika saruji juu ya waya wa banda la kuku, nyuma ya ofisi ya baraza hapa Tabwewa. Akaweka taa za kijani. Akaweka spika ya kutoa sauti ya matone, aliyoirekodi kwenye bomba la ofisi ambalo huvuja tangu nikiwa shule. Juu ya mlango akapigilia bango: HAPA MILA YETU INAISHI.

Siku moja, nikimsugua Bibi mgongo kwa mafuta ya nazi, nilimbembeleza. "Bibi, mimi si Ioteba. Niambie mimi."

"Una haraka gani? Umeshanichimbia kaburi?"

"Naogopa utaondoka nayo."

Alivuta nguo yake, akajifunika mgongo. "Siku ya ufunguzi," akasema mwishowe. "Huko ndani, tukiwa wanawake peke yetu."

Siku ikafika, na mvua ikafika nayo. Mgeni rasmi kutoka Suva alikata utepe, akausifu utamaduni wetu kwa hotuba ambayo nadhani huisoma kila kisiwa. Ioteba akainama ampeleke ndani, akamkuta Bibi ameketi mlangoni, kwenye kile kikalio cha mtoto alichokiagiza mwenyewe.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Namwonyesha mgeni rasmi ndani."

"Mgeni rasmi ni mwanamke?"

Ioteba akamtazama mgeni kama anayehakikisha. "Mama, hili ni la maonyesho tu. La saruji."

"Kumbe. Na bango lenu nalo ni la maonyesho?"

Wanawake wakacheka. Mgeni rasmi, kwa kuwa ni mwanasiasa, alihesabu haraka vicheko vilikotoka, akasema yeye anaheshimu sana mila, akaenda zake kunywa kava. Ioteba akabaki nje ya pango lake mwenyewe, analowana, mkasi mkononi.

Tulitambaa ndani. Taa za kijani zilitufanya sote tuonekane tumeugua bahari. Tukamngoja Bibi, haji. Nikarudi mlangoni.

"Bibi, tunakungoja wewe."

Alikuwa bado amekaa, mkono juu ya lile jiwe la saruji, analisugua. Akasema taratibu, Ioteba asisikie, "Sijawahi kuingia."

"Wapi?"

"Pangoni. Lolote. Nilikuwa mdogo. Mama alinikalisha mlangoni, akaingia yeye. Akasema nikikua ataniita. Kisha Wajapani wakaja, na Mama akafia kisiwa cha Kosrae walikotupeleka." Akakohoa. "Watu wakaanza kusema Teraibo ndiye wa mwisho, Teraibo anajua. Nikawaacha waseme. Nilikuwa sina kitu kingine cha Mama."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa kupoteza kitu ambacho hakikuwapo. Kisha nikamtazama, mwanamke wa karibu miaka themanini kwenye kikalio cha mtoto, bado anangoja, na hasira yote ikaniishia pale pale.

Nikarudi ndani, nikawaambia wenzangu. Bomba la ofisi liliendelea kudondoka kwenye spika. Ndipo nikafanya jambo ambalo siku nyingine ningechapwa kwalo. Nilimwita bibi yangu kwa jina tupu, kama mama anavyomwita mwanawe.

"Teraibo," nikasema. "Umekua. Ingia."

Tukasikia magoti yake kwenye saruji, na kikohozi, na huyo akaja. Aliketi kati yetu, akanishika mkono kwa nguvu. Akatazama waya, akatazama spika, akatazama nyuso zetu moja moja.

"Kumbe ndiyo hivi," akasema. "Mama hakuniambia kuna taa za kijani."

Tulicheka, kisha tukalia, yeye zaidi yetu sote. Huko nje wanaume walikuwa wamenyamazishana, wakijua siri kubwa inakabidhiwa.

Tulipotoka Ioteba alinikimbilia na mwavuli. "Amewaambia yote?"

"Yote."

"Na pango langu? Amesemaje?"

"Anasema hajawahi kuingia pango lingine kama hilo."

Ioteba alifurahi hadi akasahau kunifunika mwavuli.