Hajji Metwali Amefuata Sahani Yake

Misri nzima inawacheka watu wa Dumyat kwa ubahili. Husemwa kwamba mgeni akiwafikia jioni, mwenyeji humuuliza mlangoni, "Utakula, au utalala mwepesi?" Wadumyat wenyewe huicheka hadithi hiyo kuliko watu wote, kisha hukulisha mpaka ushindwe kuinuka. Lakini katika mtaa wa mafundi wa vitanda alikuwako mtu mmoja ambaye hata Wadumyat wenzake walimwita bahili, na mtu huyo ndiye Hajji Metwali, baba wa msichana aitwaye Inshirah.

Hajji Metwali alikuwa na duka la mishabak, vitamu vya unga vilivyosokotwa kama wavu na kukaangwa. Halikuwa na jina wala kibao. Lilikuwa na karai la mafuta, sufuria ya shira, meza ya marumaru iliyovunjika pembe, na sahani. Wenzake waliifunga mishabak kwenye karatasi. Yeye aliitoa kwenye shira ingali ya moto, akaipanga mizunguko yake juu ya sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, akakupa uende nayo nyumbani. "Sahani yangu irudi," alisema, na mazungumzo yake na mteja mara nyingi yaliishia hapo.

Sasa, nani mwenye haya zake atarudisha sahani ya mtu ikiwa tupu? Zilirudi na achari ya ndimu, na samaki wa chumvi, na wali wa maziwa uliotiwa mdalasini, na mahamri ya nyumba hii na biringanya za nyumba ile. Hajji hakuyala peke yake. Aliyaweka yote juu ya marumaru, na aliyeingia alijipakulia. Ulikwenda kununua mishabak, ukajikuta unaonja mapishi ya nyumba ambayo hujawahi kuikanyaga, na mwenye nyumba amesimama pembeni yako akingoja usifie. Ole wako usisifie. Pale ndipo watu walipopatia wachumba, na pale ndipo mafundi wawili waliogombana juu ya shehena ya mbao walipojikuta wanagawana mguu wa bata kabla hawajakumbuka kwamba hawasemezani.

Inshirah aliyakumbuka hayo kila alipolitazama lile jiwe la marumaru, na moyo ukamuuma. Lakini alikumbuka pia aibu.

Maana sahani isiporudi, Hajji hakuwa na subira. Zikipita siku mbili tatu, alimwachia mkewe karai, au akamchukua aende naye, akapiga mguu mpaka mlangoni kwa mtu. "Hodi! Nimefuata sahani yangu." Watoto walimfuata nyuma wakiimba, "Hajji Metwali, sahani iko wapi?" Siku moja Inshirah alikuwa anatoka shule na wenzake, akamwona baba yake anatoka nyumba ya watu amekumbatia sahani ya bati kifuani kwa mikono miwili, kana kwamba ni mtoto mchanga. Wasichana wakaangua kicheko. Inshirah alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, kwa sahani moja tu?" alilia jioni ile.

"Sahani yangu ni sahani yangu," alijibu mzee, akaendelea kukoroga shira.

Akaapa moyoni kwamba duka likija mikononi mwake, hatamfuata mtu mlangoni. Na alitimiza. Wazazi walipokufa, duka likawa lake, na chumba cha juu alimolala peke yake kikawa chake pia. Aliendelea kuuza kwa sahani, ila isiyorudi hakuiulizia. Zikapungua kidogo kidogo, wateja wakapungua nazo, na yeye akawalaumu wale waliofungua duka kubwa ukingoni mwa mto, lenye vioo na taa kama harusi ya kila siku.

Jirani yake Fundi Gharib, muuza vitanda, alikuwa akipita kila asubuhi. Alisalimia kwa mdomo huku macho yakipima kuta.

"Binti wa Hajji, humu zitaingia seti mbili za vitanda vya maharusi, pamoja na makabati. Niuzie upumzike."

"Nitakujibu baada ya Idi," alisema Inshirah, na usingizi ukamhama. Bila duka lile angebaki nani? Mwanamke wa dirishani, anayehesabu wapita njia.

Ndipo alipompigia simu Hazem, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa Kairo akiyapa maduka ya watu majina na sura. Hazem alishuka na begi na bashasha. Alizunguka dukani akigusa kila kitu.

"Shangazi, umekalia hazina! Watu wa siku hizi hawatafuti vitu vitamu, vimejaa kila kona. Wanatafuta ujirani. Babu alikuwa na ujirani mpaka wa kuuza! Nieleze hizi sahani."

"Achana na sahani," alimkata Inshirah. "Mimi nataka maboksi. Mazuri, kama ya wenzetu wa mtoni."

"Una hakika?"

"We mtoto wa nani kuniuliza nina hakika? Maboksi!"

Basi yakaja maboksi yenye uzi wa dhahabu. Juu yake ilichapwa picha ya Hajji Metwali anatabasamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya kamera, na chini yake maneno: Metwali, Sisi Sote Nyumba Moja. Kibao kikapandishwa, na maneno yale yale. Sahani zilizobaki Hazem alizitundika ukutani kuwa pambo, na kwa kweli zilipendeza.

Wiki ya Idi watu walijaa mpaka barabarani. Walipiga picha, wakasifu, wakabeba maboksi wakaondoka. Inshirah alisimama nyuma ya meza akijiona amemshinda baba yake.

Idi ikaisha, na mtaa ukanyamaza. Boksi likishaliwa lilitupwa, mambo yakaisha. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupita. Aliyetaka mishabak ya boksi aliona heri aende mtoni, ambako boksi linang'aa zaidi. Marumaru ilikuwa safi, tupu, haina hata punje ya wali. Fundi Gharib alirudi kusalimia, na safari hii alikuja na futi ya kupimia.

"Usikate tamaa," alisema Hazem, naye mwenyewe ameshaikata. "Tutafute wateja wa zamani wa babu, tuwapige picha wakiwa dukani, tuwaweke mtandaoni. Nani alikuwa mteja wa siku nyingi?"

"Mama Raouf," Inshirah alijibu bila kufikiri. Mjane wa uchochoro wa nyuma, mwenye achari ya ndimu isiyo na mfano.

"Yuko wapi siku hizi?"

Inshirah akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Alimwona lini mara ya mwisho? Kabla ya maboksi? Zamani asingehitaji kujiuliza, kwani sahani ya Mama Raouf ingemwambia: imerudi, au haijarudi. Akavuta mtandio wake akatoka bila kuaga.

Mlangoni kwa mjane alisita. Aende aseme nini? Hajaitwa, hana habari ya kuleta, hana deni wala mwaliko. Alibisha, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Hodi! Nimefuata sahani yangu."

Ikajibu sauti nyembamba kutoka ndani: "Hakuna komeo. Ingia."

Mama Raouf alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umevimba umekuwa kama mtungi. Alikuwa ameanguka jikoni. Mwanawe Raouf yuko Kuwait, na mama hakutaka kumtia wasiwasi. Majirani wa juu wamehama. Kando yake kulikuwa na mkate mkavu na birika lililokwisha maji.

"Umechelewa," alisema bibi, bila hasira. "Baba yako angekuwa ameshakuja."

"Baba? Kufuata sahani?"

Mama Raouf alimkazia macho, kisha akacheka mpaka mguu ukamuuma. "Mwanangu, miaka yote hii ulidhani anafuata sahani? Nilipofiwa na mume wangu, nilijifungia humu. Sili, sifungui mlango. Huyo akaja na mama yako. 'Nimefuata sahani yangu.' Nikamwambia nilishairudisha. 'Hujairudisha.' Wallahi nimeirudisha! Akakaa hapo ulipo wewe, akasema haondoki bila sahani yake. Nikamtukana yeye na baba yake na karai lake, mpaka nikasahau kulia. Mama yako akaingia jikoni kuitafuta, akatoka na supu."

"Na sahani?"

"Ilikuwa dukani kwenu, ilikuwa wapi tena? We fikiri. Mwanamume atabisha vipi kwa mjane? Atamwambia nini fundi aliyefilisika, kwamba amekuja kumwangalia kama amekula? Mtu ana heshima yake, atakufukuza. Lakini bahili aliyefuata sahani, nani atamfukuza? Unamcheka, unamfungulia."

Inshirah aliinamia ule mguu uliovimba akalia kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. Alimlilia baba yake, aliyeyabeba matusi ya mtaa mzima pamoja na ya binti yake mwenyewe, na asiseme neno.

"Lia ukimaliza unipe maji," alisema Mama Raouf.

Daktari aliletwa, na Hazem ndiye aliyembeba bibi mgongoni hadi kwenye gari. Asubuhi yake Inshirah alipanda ngazi akaanza kuzitoa sahani ukutani.

"Shangazi! Hizo si ni pambo?"

"Shika hii. Maboksi ni ya wasafiri. Wa mtaani watabeba sahani."

"Hazitarudi zote."

"Basi tutazifuata."

Aliwapelekea hata watu ambao hawakuagiza, na mmoja wao alikuwa mke wa Fundi Gharib. Ndimu zikarudi kwanza, halafu biringanya. Watu wakaanza tena kusimama kwenye meza wakila na kubishana nani ametia chumvi nyingi. Na sahani iliyokawia, Inshirah aliifuata mwenyewe, na watoto wa leo, ambao hakuna aliyewafundisha, walimtungia wimbo wao. Aliusikia, akaongeza mwendo ili wapate kumkimbilia.

Ya Fundi Gharib ndiyo iliyokawia kuliko zote.

"Nenda wewe," alimwambia Hazem alasiri moja. "Useme umefuata sahani."

"Kwa huyu anayetaka kutununua? Nitaona haya!"

"Uone. Hata mimi niliona."

Hazem alitoka amekunja uso. Ikaadhiniwa magharibi, ikaadhiniwa isha, hajarudi. Inshirah alikuwa akifuta marumaru alipomwona anaingia, shati lina makombo, anatembea polepole kama mtu aliyezidiwa na shibe.

"Ameniuliza nitakula au nitalala mwepesi," alisema Hazem. "Nikakosea nikacheka. Shangazi, wamenilisha bata! Halafu mke wake akamgeukia mumewe mbele yangu: 'Ukilinunua lile duka, mimi hii sahani nitaipeleka wapi?' Mzee wa watu akatazama chini. Anasema nikwambie futi yake imepotea, usimtafutie."

Inshirah alivuta kigoda akakaa. "Na sahani iko wapi?"

"Si hii hapa?"

Alikuwa nayo kifuani, imejaa wali wa maziwa, ameikumbatia kwa mikono miwili asije akaimwaga. Inshirah alileta vijiko viwili, na hakumwambia anafanana na nani.