Maji Chini ya Kasia la Ruweida

Saa kumi na mbili asubuhi, bahari ya Micheweni ikiwa imejaa, wanawake sita, wakulima wa mwani, walikuwa wakijifunza kuvuta makasia. Bi Mwatum, mwalimu wao, alikaa nyuma ya mashua, nao wamemwelekea. Aliyemsumbua ni Ruweida. Kila aliporudisha kasia ili avute tena, bapa lake lilikwaruza maji na mashua ikalala upande.

"Shusha mikono, mwanangu," alisema Bi Mwatum. "Mpini ukishuka, bapa hupanda. Liwe shubiri moja juu ya maji."

Ruweida akashusha. Bapa likapanda shubiri moja. Maji nayo yakapanda shubiri moja, chini ya bapa lake tu.

"Shusha tena."

Yakapanda tena. Mara ya tatu bapa lilikuwa juu sana, likachelewa kuingia majini. Bi Mwatum akasema hilo nalo ni kosa. Kisha akainama kutazama, akaona kiganja cha mwanamke kimeyainua yale maji.

"Mama yako huyo," alimwambia Ruweida. "Asalaam aleikum, Mwanawema."

Mwanawema alikuwa amekufa maji miaka sita nyuma, akivuna mwani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na wenzake waliwashinda wanaume katika mashindano ya makasia, na kamati ikaandika kwamba hawakushiriki.

"Mama," alisema Ruweida, "niachie. N'tavuta mwenyewe."

Maji yakashuka. Tangu siku hiyo bapa lake lilipita safi, sawa na ya wenzake.

Siku ya mashindano walifika wa mwanzo, wakiwaacha wanaume urefu wa mashua mbili. Haidar, katibu wa kamati, alifungua daftari.

"Wanawake hawamo kwenye orodha," alisema, akaandika jina la mashua ya wanaume iliyowafuata.

Bahari ikapanda ufukweni hadi mezani pake, ikalilowesha daftari. Haidar akaomba karatasi kavu, akaandika jina lile lile.

"Na mwakani?" aliuliza Ruweida.

"Nitaandika hivi hivi."

"Basi tutakuja hivi hivi. Nunua karatasi za kutosha."

Wakati kombe likitolewa, wale sita walirudi kwenye mashua yao, wakaipitisha katikati ya mashua za wanaume. Hawakupunguza mwendo. Wanaume ndio waliosogea.