Mnada wa Kuwatibu Mapadre

…na huyu jogoo amerudi tena, mara ya nne sasa, kwa nini hawa watu wasimle jogoo wao na mchuzi wake yaishe, Castory amemnadi, mama mmoja wa jumuiya ya kule bondeni amemnunua, na badala ya kwenda naye nyumbani anashika kipaza sauti anasema, namzawadia Baba Paroko, vigelegele, nami nasimama, napokea, nacheka, nambariki, namrudisha jogoo kwa Castory anadiwe upya, ndivyo mnada wa kanisani ulivyo, kitu hakiondoki mpaka kila mtu ameonyesha upendo wake, na upendo wa parokia hii hauna kibwebwe cha kuufunga, unamwagika tu… tabasamu, Rafaeli, meno yaonekane, mpiga picha yuko kushoto… jogoo ananitazama kwa jicho moja kama anayejua, naye amechoka, miguu imefungwa kwa utepe wa rangi ya bendera ya Papa, tumefungwa wote, mwenzangu… keti, keti sasa, polepole, usijitupe kwenye kiti kama juzi… nyuma yangu wametundika kitambaa kipana, HARAMBEE YA AFYA YA AKILI YA MAPADRE NA WATAWA, herufi nyekundu, na chini yake nimekaa mimi, mwenyekiti wa harambee, kana kwamba mimi ndiyo picha na maneno yale ndiyo maelezo yake, nani aliyepanga viti hivi jamani… kulia kwangu Sista Devota, muuguzi wa ile nyumba ya milimani wanakotunzwa mapadre na masista walioelemewa, tunawachangia wamalize bweni la wanaume, yeye ametulia tu, mikono mapajani, na asubuhi sakristia, mimi navaa alba, akaniambia, "Baba, gari letu linarudi saa tisa, siti moja iko wazi," akawa anaangalia zake kopo la hostia, nami nikamjibu, "Sawa Sista, nitatafuta mtu wa kumpa lifti," mtu wa kumpa lifti! kama vile alikuwa anatafuta abiria wa kumshusha Muheza, Mungu wangu, uongo wenyewe hata kutunga siwezi tena… alijua, bila shaka alijua, au hakujua, labda kweli ni siti tu… "Elfu hamsini upande wa kwaya!" anapiga kelele Castory, katekista wangu, mtu mpole wiki nzima, mpe jogoo na kipaza sauti anageuka mwingine kabisa… miezi mitano sasa, tangu baada ya Pasaka, naamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala, kijiko kizito, viatu vizito, homilia naisoma kama naisoma ya mtu mwingine aliyekufa, na sijui nini kilichotokea maana hakikutokea kitu, hilo ndilo linaniudhi, ningefiwa, ningetukanwa na askofu, ningekuwa na la kusema, lakini hapana, ni hivi hivi tu, taa imepungua… na wao wamefanya nini, wamenifanya mtakatifu, ee, nimekonda, Mama Beatrisi mwenyekiti wa kina mama akatangaza kwenye jumuiya zote kwamba Baba anafunga kwa ajili yetu, basi wakaacha kuniletea chakula, wasinitie majaribuni, wali wa nazi wa Alhamisi ukakoma, samaki wa kupaka wakakoma, nikazidi kukonda, wakazidi kunisifu… nakaa mbele ya tabernakulo saa mbili nzima kwa sababu nguvu za kuinuka sina, wanapita kwa vidole vya miguu, shh, Baba yuko na Bwana… nililia kwenye ndoa ile ya Juni, katikati ya viapo, machozi yenyewe tu yamekuja, bibi harusi akanitazama kama nimeona jambo kuhusu mume wake, na baada ya hapo wachumba watatu wameniomba rasmi, Baba ndoa yetu ufungishe wewe, wewe unalia vizuri… na kule kitubioni, sitasema ni nani wala ni dhambi gani, hata humu kichwani sisemi, ila haikuwa dhambi ya kumliza mtu, nikalia, na yule bibi akanipenyezea leso chini ya pazia akaniambia, "Pole Baba, sitarudia tena," na nasikia kweli hajarudia… nicheke au nini… kucheka kwenyewe nako kunahitaji nguvu… niende, niondoke na gari la saa tisa? halafu? nani atakaa katikati ya kwaya mbili na kinanda kimoja, watauana wale, na watu watasema nini, Tanga hii maneno hayalali, watasema padre kachangisha matibabu yake mwenyewe, kaita harambee, kala harambee, kapanda gari la harambee… na marehemu mama, Benedikta wa watu, aliyekata mkonge tangu msichana mpaka mgongo ukapinda, angesemaje, mama ambaye kwake uchungu wa moyo ni ugonjwa wa wenye nafasi, "Sisi tuna palizi," angesema, ukimwambia umeamka na huzuni anakupa jembe, na kweli kwa nini nisipewe jembe tu… "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Amechukua Bwana Uweso!" nani? Uweso? huyu jirani yangu, ukuta kwa ukuta hapa Chumbageni, mzee wa machungwa ya jumla, amekuja na kanzu yake safi kwa sababu sisi huenda kwake Idi naye huja kwetu, haya, nasimama tena, mara ya tano, goti hili, nanyoosha mikono kumpokea jogoo, na Castory anamuuliza, "Bwana Uweso, unamzawadia nani?" naye, "Simzawadii mtu, nimenunua, naenda kumchinja," watu wanaangua kicheko, mikono yangu imebaki hewani, niipeleke wapi, naifanya kama nabariki… "Na nyie mwamchosha bure huyu," anaendelea, kipaza sauti kakishika kama simu, "mara simama, mara keti, hamumwoni? Padre wenu huyu yuwaumwa"… keti, Rafaeli, miguu haikai… haya, nimekaa… Mama Beatrisi anaruka juu, "Hapana Bwana Uweso, Baba yetu anafunga!" na yule mzee anamgeukia taratibu, "Kufunga mie nakujua, mama, nafunga mwezi mzima kila mwaka. Aliyefunga, ikifika magharibi hufurahi. Huyu namwona uani kwake magharibi ndiyo huwa hoi zaidi," na hakuna anayecheka sasa, naye anashusha sauti lakini kipaza sauti hakishushi, "Imamu wetu yalimkuta haya haya mwaka juzi, tukamwambia nenda kwenu Moa, ukae, kuna daktari mtakuwa mwaonana. Miezi mitatu hayupo. Msikiti haukuanguka. Hata bomba la kutawadhia lililokuwa lavuja miaka yote, lilitengenezwa yeye hayupo," na hapo kicheko kinarudi, kikubwa, cha ahueni, Castory anakimbilia kapu linalofuata, "Haya, haya, machungwa ya Muheza haya, matamu, nani anafungua?" mnada unaendelea kana kwamba hakuna aliyesema kitu, mama mmoja anafungua kwa elfu kumi, mpiga picha bado yuko kushoto… na mimi nimekasirika, wallahi, ee nimeapa kwa kiapo cha jirani, nimekasirika, mbele ya waumini wangu, mbele ya kwaya zote mbili, nani kamwita, nani kamtuma achungulie uani kwangu… hapana, si hilo, usijidanganye, umekasirika kwa sababu ulishaanza kuamini, sema kweli, ulishaanza kuamini kwamba labda unafunga, kwamba labda kule kukaa saa mbili bila neno moja mdomoni ni sala, kwamba Mungu anakupitisha mahali fulani patakatifu penye giza, walikuimbia sifa nawe ukazipokea kama ulivyompokea jogoo, ukabariki, ukakaa, na waliokupenda wote wakakutazama wasikuone, akaja asiyeamini hata komunyo yako akakuona, mgonjwa tu, mtu wa uani, mwenye fulana ya kulalia, anayesimama karibu na ndoo asijue alitoka kuchukua nini… na kanisa halitaanguka, hilo ndilo linachoma, niseme wazi linachoma, nilitaka lianguke kidogo, walau ufa mmoja, watu waseme bila Rafaeli ndoa hazifungwi… halitaanguka, watapatana wenyewe na kinanda chao, pengine hata mapema zaidi, na nikiondoka watasema, watasema wiki mbili, kisha yatakuja mengine ya kusema, Tanga haijawahi kuishiwa… mama ungenipa jembe, najua, nakupenda, ungenipa jembe, lakini nilikuona siku ile nyuma ya jiko ukilia bila sababu ukaniambia ni moshi, na moto ulikuwa haujawashwa, mama… machungwa yamefika elfu thelathini, mnunuzi anachukua kipaza sauti, namzawadia Baba Paroko, vigelegele, kapu linakuja kwangu, Castory ananiita kwa mkono, Baba, simama, na sisimami, naona miguu yangu imekataa na mimi nimekubaliana nayo, kapu wananiwekea mapajani, zito, na natafuta lile tabasamu mahali nilipoliacha halipo, basi lisiwepo, nainamisha kichwa upande wa kulia na sauti inatoka ndogo, ya Sista peke yake, "Sista, naumwa," nasubiri ashtuke, ageuke, ashike msalaba wake, hafanyi lolote kati ya hayo, anapiga makofi na wengine kwa ajili ya machungwa, macho mbele, "Najua, Baba. Utakaa siti ya mbele au ya nyuma?" na mimi nasema, "Ya mbele, Sista, nikikaa nyuma natapika," na wakati Castory anaanza kuhesabu upya, mara ya kwanza, mara ya pili, nashangaa kuona nimesema ukweli mara mbili kwa dakika moja, na wa pili haukuwa mgumu kama wa kwanza.