Jeti ya Hiram

Tangu Hiram azikwe mwezi wa nne, Dalmas hakuwa ameangusha hata chozi. Watu wa nyumbani walimsema wakachoka: ndugu yake wa tumbo moja amelala pale kwenye jeneza, yeye anapanga viti! Hakukasirika. Alikuwa amekufa ganzi. Alirudi Kitengela, akaenda kazini, akala, akalala, basi.

Kilichobaki ni jeti ndogo ya kurushwa kwa rimoti. Hiram aliiunda kwa foamu za kufungia friji, na feni ya umeme ya kuisukuma akaificha tumboni mwa hiyo ndege. Ilikuwa haijawahi kuruka. Nelima, mjane wa Hiram, alikuwa anahamia kwao Bungoma Jumamosi, na hakuzungusha maneno. "Shemeji, irushe mara moja, halafu unirudishie ikiwa nzima. Niko na hiyo tu."

Na Dalmas, tuseme ukweli, alianza kwa kuharibu. Aliweka betri ya seli nne kama video za wazungu zilivyomwambia, akasahau wale wanarushia huko kwao chini, karibu na bahari, na huku Kajiado tuko juu, hewa ni nyepesi. Feni ikapiga kelele za bure. Akaweka seli sita. Waya zikachemka hadi zikanuka. Akatafuta waya nene, akapanua matundu ya kuingiza hewa. Majaribio yote alitumia kidude cha kupimia feni, rimoti ya Hiram hakuigusa. Mwishowe feni ikavuma mpaka mbwa wa ploti akajificha chini ya gari. Furaha je? Wapi! Alizima, akaenda kuosha vyombo.

Ijumaa asubuhi, kabla upepo haujaanza fujo zake, yeye na Nelima walienda kwenye shamba la Sankale, jirani aliyekubali kuwahamisha mbuzi wake. Nelima akavuta jeti kama manati kwa ile mipira ya kufungia mizigo ya boda, akaachilia. Loo, ikachomoka! Ikapanda, ikakata kona, jua likawaka kwenye mabawa. Nelima akapiga vigelegele. Mikono ya Dalmas, iliyozoea kurusha ndege za Hiram, ilifanya kazi yake, lakini ndani hakusikia lolote.

Dakika ya tatu, rimoti ikaongea.

"Dalmas, betri inaisha. Shusha ndege, bwana, wacha kiburi."

Alikuwa Hiram. Sauti yake kabisa, na uchokozi wake wote. Aliirekodi mwenyewe kwenye rimoti badala ya milio ya onyo, na hakumwambia mtu. Kifua cha Dalmas kikauma, kikauma kweli, mpaka akakosa pumzi. Akaanza kuishusha ndege.

Nelima akamshika mkono. "Usishushe."

"Shemeji, itaanguka. Si ulisema unaitaka nzima?"

"Wacha aongee!"

Akaiacha. Jeti ikazunguka juu yao, na Hiram akarudia yale yale, akarudia tena, nao wamesimama wakimsikiliza hata hawaangalii juu. Kisha feni ikanyamaza. Jeti ikainamisha pua, ikashuka kwa kasi ikapasuka kwenye mawe, betri ikaruka kando. Nelima hata hakuigeukia. Alikuwa anaiangalia rimoti.

Rimoti ilipopoteza mawasiliano na ndege, ikasema:

"Sikupati tena. Uko wapi?"

"Niko hapa," Dalmas akajibu. Akaketi kwenye nyasi, rimoti mapajani, akalia kama mtoto. "Niko hapa, Hiram. Niko hapa."